Wananitaka nitie saini, na mguu wa mtoto haujanyooka

Jambo Tantine,

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza makala na unga wa bukari mbele ya nyumba. Mtoto wangu wa mwisho, Merdi, ana miezi mitano na nusu. Tangu azaliwe sijakosa chanjo hata moja. Fishi yake ya kilo, ile kadi ya chanjo na uzito, naitunza kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi za kiwanja.

Alipofikisha wiki 14 nilimpeleka dispansere ya karibu na kwetu. Siku hiyo tulikuwa wamama wengi, benchi zilijaa mpaka wengine wakakaa nje chini ya mwembe. Zamu yangu ilipofika niliona kichupa cha dawa kimesimama juu ya meza, na sindano imechomekwa kwenye mpira wake wa juu, haitolewi. Muuguzi analeta bomba, analiunganisha na ile sindano, anavuta dawa, halafu anaweka sindano nyingine ya kumchomea mtoto. Mama anayefuata, vilevile. Mimi nilijua ndivyo wanavyofanya.

Siku ya nne paja la kushoto likavimba, likawa gumu kama yai la kuku, na la moto. Nikarudi dispansere. Wakaniambia ni kawaida, niweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Siku ya tisa mtoto alilia usiku kucha, mwili unawaka. Tukachukua moto, ile pikipiki ya abiria, saa kumi na moja za alfajiri mpaka lopitali. Walimpasua, usaha ukatoka karibu nusu kikombe. Tukalala pale siku nane. Dawa, bandeji, kitanda, kupasua na moto za kwenda na kurudi, vyote vimetumaliza dola 215. Bwana yangu aliuza simu yake, na deni bado lipo.

Kidonda kimepona sasa, imebaki alama. Lakini mguu haunyooki wote. Nikimbadilisha nepi, wa kulia anarusha, wa kushoto anaukunja na kulia.

Kumbe hatuko peke yetu. Watoto wawili wa avenyu yetu waliochanjwa siku ileile nao walivimba. Mama mmoja alipewa franka 100,000 na wenye dispansere, akatia saini. Juma lililopita wakaniletea na mimi karatasi. Imeandikwa kwamba nimepokea msaada, na kwamba sitadai kitu kingine sasa wala baadaye. Shemeji yangu anasema nitie saini, pesa ya bure haikataliwi. Kuna bwana mwingine anayejiita avoka, yaani wakili, anasema niache hizo takataka, Amerika wanalipa dola 250,000 kwa mtoto aliyeumizwa na chanjo, yeye atanifungulia dosye ya kesi kwa dola 200. Na bwana yangu amesema hakuna chanjo tena nyumbani mwake, wakati ile ya surua ya miezi tisa inakuja.

Tantine, kichwa kimejaa. Nishike lipi?

Mama Merdi, Katuba

*

Mama Merdi, pole sana, na pole kwa baba yake.

Usitie saini. Uchukue hiyo karatasi, uipige picha pande zote mbili, uwaambie utawajibu mtoto akishapimwa mguu. Wakisema franka zitaondoka kama hutaki leo, waache waende nazo. Mapatano ya kumaliza ugomvi, yakishatiwa saini na mtu mzima mwenye akili zake, kwa sheria yetu yana nguvu karibu kama hukumu. Huwezi kurudi miezi sita baadaye ukasema sikujua kwamba mguu utahitaji kazi zaidi. Na leo hujui. Hata daktari hajui, maana kwa jinsi ulivyoniandikia, tangu kidonda kifunge hakuna aliyemtazama mtoto. Unataka kuuza kitu ambacho bado hakijapimwa kilo. Wewe muuza makala, ungekubali?

Sasa huyo bwana wa dola 200. Hela anayoitaja ipo kweli, ndiyo maana uongo wake umekuingia. Marekani walitunga sheria mwaka 1986, na mfuko ukaanza kazi 1988. Kila dozi ya chanjo inayotumika kule inakatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, hela inawekwa kando, na mtu aliyeumizwa anaenda kwenye mahakama moja maalumu iliyoko Washington. Dola 250,000 ndizo wanazolipa chanjo ikiua mtu, na ndicho kikomo cha fidia ya maumivu. Lakini ni mfuko wa chanjo zinazotolewa kwao. Mtoto wa Katuba aliyechanjwa Katuba hana dosye Washington, hata avoka awe na miwani ya dhahabu. Mwambie akuoneshe karte yake ya baro, chama cha mawakili. Nadhani hutamuona tena.

Utaniuliza, na sisi mfuko wetu uko wapi? Hatuna. Ujerumani walianza 1961, Ufaransa 1964. Uingereza walianza 1979 kwa pauni 10,000, leo ni 120,000, na lazima ulemavu ufike asilimia 60. Mwaka 2018 watafiti walipohesabu, nchi 25 kati ya 194 za Shirika la Afya Duniani ndizo zilikuwa na mpango wa namna hiyo, na hakuna hata moja ya Afrika. Wakati wa Kovidi ndipo tuliguswa kidogo. Chanjo zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo hizo, ziliwekewa mfuko wa kulipa walioumia vibaya katika nchi 92, Kongo ikiwemo, bila kulipa avoka na bila kutafuta nani alikosa. Ulikuwa wa chanjo za Kovidi tu. Sindano ya Merdi haimo. Na hata kule, aliyepokea alitia saini kwamba hatashtaki tena. Unaona? Duniani kote saini ndiyo wanayoinunua.

Wazo la mifuko hiyo si geni kwetu hapa. Baba yako au mjomba wako bila shaka alifanya kazi Jekamine au kwa wachimbaji. Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, kasa ya taifa, mfuko wa bima ya wafanyakazi, haimuulizi kama bosi alizembea. Ajali ya kazini ni ajali ya kazini, wanalipa. Mimi naona mtoto anayechanjwa anastahili hivyohivyo. Unampeleka kwa ajili yake, lakini pia kwa ajili ya mtoto wa jirani asiambukizwe. Akianguka mmoja kati ya maelfu, haifai mama yake abebe peke yake. Nimeshalisema hili mbele ya wakubwa kwenye semina, wakapiga makofi, tukanywa soda, tukarudi nyumbani.

Kwa kuwa mfuko hakuna, tunabaki na kitabu cha zamani, sheria ya madeni na mapatano ya mwaka 1888. Kifungu cha 258 kinasema kwa maneno mengine hivi: aliyemuumiza mwenzake kwa kosa lake lazima arekebishe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinasema bosi anajibu kwa kosa la mtu aliyemtuma kazi. Neno zito hapo ni kosa. Mahakama yetu haitakulipa kwa sababu mtoto ameumia. Itakulipa ukionesha nani alikosa, alikosa nini, na kwamba kosa lile ndilo lililovimbisha paja.

Hapa ndipo barua yako ilinifanya niweke kikombe cha chai chini.

Madhara ya chanjo si ya namna moja. Kuna yanayotoka kwenye dawa yenyewe, hata muuguzi afanye kila kitu sawasawa: homa ya siku mbili, paja kuuma, na kwa nadra sana mambo makubwa. Kuna ugonjwa uliokuwa njiani tayari, ukafika siku moja na sindano. Na kuna makosa ya mkono. Jipu la usaha mahali palepale pa sindano, tena na uvimbe kwa watoto watatu wa siku moja, meza moja, vinanielekeza kwenye mkono. Halafu ile sindano uliyoiona imechomekwa kwenye mpira wa kichupa. Wauguzi wanafundishwa kwamba hiyo ni mwiko. Sindano ikiachwa pale ni mlango wazi. Kila kilichoko hewani na kwenye vidole kinaingia ndani ya dawa ambayo watoto wengine wataichomwa. Tena bomba za chanjo kwa kawaida zimeshikana na sindano zake, na ukisukuma mara moja zinajifunga, hazivuti tena. Kama ulimwona muuguzi anaunganisha na kutenganisha, basi hakuwa anatumia bomba za chanjo. Zilikwisha? Ziliuzwa? Sijui, na wewe usimtuhumu mtu sokoni. Lakini hilo ndilo swali la kuuliza, na ni wewe uliyeona.

Kwa hiyo leo jioni, watoto wakilala, chukua kayee na kalamu. Andika yote uliyoniandikia mimi, na zaidi: tarehe, saa, ulikaa wapi, kichupa kilikuwa upande gani wa meza, muuguzi alivaa nini, nani alikuwa mbele yako na nyuma yako. Usiandike "alikuwa mzembe". Andika ulichoona. Weka tarehe na saini (hiyo saini nakuruhusu). Nenda kwa wale wamama wawili, kila mmoja aandike yake bila kunakili yako. Hata yule aliyepokea franka anaweza kuwa shahidi. Aliuza dai lake, macho yake hakuyauza.

Fishi ya kilo usimpe mtu. Piga picha ukurasa wa chanjo, kisha toa fotokopi mbili. Risiti za lopitali, za famasi, zikusanye. Kwa zile za moto ambazo hazipo, andika safari na bei. Kisha rudi lopitali walikompasua, uombe ripoti ya daktari yenye muhuri: alifika lini, walikuta nini, jipu lilikuwa wapi hasa, kama usaha ulipelekwa laboratwari. Siku hiyohiyo wamwangalie mguu. Mtoto asiyenyoosha mguu baada ya jipu la paja anaweza kuwa msuli umekaza tu, na mazoezi ya kineziterapi yanarudisha mengi akiwa mdogo hivi. Anaweza pia kuwa na uchafu ulioshuka mpaka kwenye mfupa au nyonga, na hilo halingoji avoka. Omba radio, yaani picha ya eksirei, ya nyonga na ya paja. Kama pesa zinatosha jambo moja tu wiki hii, ziende huko.

Baada ya hapo, ofisi ya zone ya afya yenu. Muombe daktari mkuu wa zone. Neno la kumwambia ni MAPI, ndivyo wao wanavyoita madhara yanayofuata chanjo. Mwambie: nataka kujua kama MAPI ya mwanangu iliandikwa. Mtoto aliyelazwa ni kesi nzito kwa kanuni zao wenyewe, na kesi zaidi ya moja za mahali pamoja ni sababu ya kufanya uchunguzi. Zone ndiyo iliyoipa dispansere zile dawa, kwa hiyo wao wanaweza kutafuta namba ya loti, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. Naharakisha hapa kwa sababu kesi ya madai unaweza kuifungua hata baada ya miaka mingi, sheria inatoa 30, ila rejista za dispansere hazikai miaka 30. Nyingine hazimalizi msimu wa mvua.

Kila karatasi unayopeleka iwe nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea na tarehe, unarudi nayo. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa na saa. Nilifanya kazi grefe, ofisi ya karatasi za mahakama, miaka mingi kabla ya kuvaa toga ya avoka, na nimeona kesi nzuri zikifa kwa kukosa muhuri mmoja.

Ukishakuwa na hivyo mkononi, nenda baro, kwenye ofisi yao ya ushauri wa bure. Wanaiita BCG. Ndiyo, sawasawa na sindano ya kifua kikuu, usicheke mlangoni. Ukiwa na cheti cha umaskini kutoka komini, unaweza kupewa avoka bila kumlipa. Mwambie kwanza aandikie dispansere barua ya kudai kwa upole, na bei iliyohesabiwa: dola 215 zenu, radio, kineziterapi ya miezi ijayo, siku ulizofunga biashara, na maumivu ya mtoto. Wengi hukaa mezani wakiona barua ya avoka yenye viambatisho. Hapo ndipo kutia saini kunakuwa na maana, na karatasi isiseme "msaada". Iseme fidia, itaje mguu, na iache mlango wazi kama daktari ataona ulemavu baadaye.

Shemeji yako pengine atasema twende parke, kwa mwendesha mashtaka, muuguzi afungwe. Kuumiza mtu bila kukusudia ni kosa la jinai kwetu, ni kweli, na njia hiyo ina faida moja, polisi wa upelelezi wanaweza kwenda kuchukua rejista ambayo wewe utanyimwa. Lakini nimeiona inavyokwenda. Muuguzi analala kashoti, mahabusu, siku tatu, familia yake inatafuta pesa za kumtoa, pesa ambazo zingelipa kineziterapi zinaishia njiani, na kesho yake dispansere imefungwa, wamama wa avenyu nzima wanakusema wewe. Muuguzi yule huenda hakupewa bomba za kutosha na aliyemwajiri. Mimi ningemfuata mwajiri, kifungu cha 260. Parke iwe ya pili, kama wanaficha rejista. Ila usichelewe kuamua, maana muda wa kushtaki kosa la jinai la namna hii ni mfupi kuliko ule wa madai.

Imebaki surua, na hapa naomba umpe baba Merdi asome mwenyewe.

Baba Merdi, hasira yako naielewa, na mimi ningekuwa nayo. Lakini kilichomuumiza mwanao, kwa ninavyoona, ni uchafu na sindano iliyoachwa pasipotakiwa. Mwaka 2017 Sudan Kusini, katika kijiji kimoja cha eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku nne zote, na dawa haikuwekwa kwenye baridi. Nakwambia haya kwa makusudi, nisije nikaonekana nakuficha. Sasa tazama upande wa pili. Surua iliyoanza nchini kwetu 2019 ilipita watu 310,000 waliodhaniwa kuugua, na zaidi ya 6,000 wakafa, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano. Merdi ametoka kupasuliwa; surua ikimkuta hivyo sitaki hata kuandika. Badilisha mahali, usibadilishe chanjo. Nenda naye wewe mwenyewe, asubuhi mapema. Angalia bomba linafunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako, na kichupa hakina sindano iliyosimama juu. Dawa ya surua ikishachanganywa na maji yake inatupwa baada ya saa sita, kwa hiyo una haki ya kuuliza imefunguliwa saa ngapi. Muuguzi anayejua kazi yake hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika, beba mtoto, nenda kwingine.

Mama Merdi, kuna jambo moja hukuniandikia: dispansere ni ya nani? Ya mtu binafsi, ya kanisa, au ya serikali? Angalia kibao cha mlangoni na muhuri ulio kwenye fishi. Kama ni ya mtu au ya kanisa, kuna mtu wa kukaa naye mezani na kuna mali nyuma yake. Kama ni ya serikali, unaweza kushinda na bado ukakaa na hukumu yako kwenye ule mfuko wa plastiki, kwa sababu mali ya serikali haikamatwi, na hapo avoka lazima apange mambo kwa namna nyingine. Nitumie jibu kabla hujaenda baro, na picha ya ile karatasi waliyokuletea.

Tantine